Unyayo wa Kiboko na Mfuko Begani

(Maneno niliyoyasema jioni moja mjini Jinja mbele ya wachezaji wa gofu waliotutembelea kutoka Kisumu, Arusha na Kampala. Nimeyaandika upya kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Wageni wetu, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu mlioshika fimbo leo, na ninyi vijana mliowabebea mifuko tangu asubuhi: habari za jioni. Wazee mliotoka Arusha, shikamooni. Ndugu wa Kisumu, ninyi si wageni hasa, kwa kuwa maji mnayonawia uso asubuhi ni ya ziwa letu hili hili. Ndugu wa Kampala, karibuni ng'ambo ya mto.

Nimeombwa niseme kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotuweka sote kwenye mkeka mmoja jioni hii. Nimekubali kwa furaha, na nina sababu yangu nyingine. Nilikulia Walukuba, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mji huu, ambako mtoto wa Msoga, wa Mjaluo, wa Mteso na wa mtu aliyetoka Kongo walicheza uani pamoja na kugombana kwa Kiswahili. Mambo ya uwanja huu niliyasikia kwanza kwa lugha hii, kutoka kwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwaalika wasimame mbele ya kipaza sauti kama mlivyonialika mimi.

Niliambiwa nizungumzie historia ya klabu na mandhari yake. Hayo mawili siwezi kuyatenganisha. Hapa mto ulitangulia kila kitu, hata mchezo wenyewe ulipofika ulilazimika kujifunza adabu za mto. Kwa hiyo nianze na maji.

Mkitazama magharibi, ardhi inateremka taratibu kwa majani mafupi na miti mikubwa, kisha inakutana na maji mapana yanayosogea kimya. Hapo ndipo Ziwa Nyanza, ambalo ramani huliita Victoria, linapoufungulia mto mlango. Maji yanayopita mbele yenu jioni hii yatasafiri maelfu ya kilomita, na huchukua kiasi cha miezi mitatu kufika Bahari ya Kati. Wasoga huuita mto huu Kiyira. Jina la mji wetu nalo limetoka mtoni: ejjinja ni jiwe, na mahali pale ziwa lilipomwagika kuingia mtoni paliitwa Mawe. John Hanning Speke, mvumbuzi Mwingereza aliyetafuta chanzo cha mto, alipofika ng'ambo ile tarehe 28 Julai 1862, aliandika kwamba wenyeji wanapaita hivyo hivyo, Mawe. Alipajua kwa jina lake, kisha akapabatiza upya kwa heshima ya bwana mmoja wa Uingereza, Ripon, aliyeongoza chama cha kijiografia cha London. Alikadiria kimo cha maporomoko kuwa futi 12, yaani karibu mita nne, na upana wake futi 400 hadi 500. Aliona samaki wakiruka kwa maelfu, wavuvi wakiwa wamejipanga juu ya miamba, na viboko na mamba wakiwa wamelala majini bila wasiwasi.

Hao viboko ndio ninaotaka kukaa nao kidogo, maana bila wao sidhani kama nje ya Uganda kungekuwa na watu wengi wanaoujua uwanja wetu.

Watu wengi humdhania kiboko mnyama wa maji. Maji ni kitanda chake tu, shamba lake liko nchi kavu. Jua likizama hupanda ukingoni kwa njia yake ya kila siku, ileile waliyopita mama yake na bibi yake, na njia hiyo huchimbika mpaka ikawa kama mfereji. Akifika kwenye malisho hakati nyasi kwa ulimi kama ng'ombe. Huzikata kwa midomo yake mipana, karibu kabisa na udongo, na kwa usiku mmoja anaweza kula kama kilo 40. Akipita mahali pamoja usiku baada ya usiku, hubaki zulia fupi la kijani, laini, na majani marefu yamesimama pembeni. Yeyote aliyewahi kuona malisho ya viboko kando ya mto wowote wa Afrika atakubaliana nami kwamba sura yake ni ya uwanja wa gofu. Nyasi fupi kando ya Kiyira zilikuwapo kabla ya mashine ya kwanza kushushwa mjini hapa.

Sasa, kanuni kuu ya mchezo wenu, tangu ulipokuwa mchezo wa wachungaji na mabwana wa pwani ya Uskoti, ni kwamba mpira uchezwe pale ulipolala. Usiusogeze, usiutengenezee kitanda. Ni kanuni ngumu na mimi naipenda, kwa kuwa inamfundisha mtu kuikubali ardhi ilivyo. Lakini Uskoti haina viboko. Unyayo wa kiboko una vidole vinne, na juu yake umekaa mwili wenye uzito wa tani moja na zaidi. Mvua ikiwa imenyesha, unyayo huo huwa shimo la kumeza mguu wa mtu mpaka kwenye kifundo. Mpira wa gofu una upana wa sentimita 4 na ushee. Ukianguka mle, hata uwe na mkono wa chuma hutautoa kwa fimbo.

Ndipo ikawekwa kanuni ambayo Jinja imejulikana kwayo duniani: mpira ukiangukia kwenye unyayo wa kiboko, uokote, uudondoshe pembeni, wala hutahesabiwa adhabu. Ndugu zetu wa Nyanza Club ya Kisumu nao wanasifika kwa kanuni iliyokwenda mbele zaidi: mpira ukitua karibu na kiboko au mamba kiasi cha kuhatarisha maisha, mchezaji adondoshe mwingine mahali salama, mradi asilisogelee shimo. Watalii wakisoma habari hizi hucheka. Mimi kila ninapozisoma naguswa, kwa sababu naona mchezo uliotoka mbali, wenye sheria zilizoandikwa na kufungwa, ukisimama mbele ya mnyama wa mto wetu na kumpisha. Mambo mengi yaliyoletwa hapa wakati ule hayakumpisha mtu yeyote.

Hapo nafika kwenye swali ambalo wageni huniuliza: ilikuwaje ukingo mzuri namna hii ukabaki wazi, bila migomba, bila nyumba za watu? Busoga ni nchi ya wakulima. Ukingo wenye maji, samaki na udongo mwekundu haukai wazi hivi hivi.

Sehemu ya jibu ni msiba. Kuanzia mwaka 1900 hivi, ugonjwa wa malale uliziingia pwani za ziwa hili, na Busoga ndiko ulikoanzia kupiga. Hesabu inayotajwa na wanahistoria ni kwamba katika miaka ile watu kama 250,000 walikufa katika nchi hizi za ziwani. Semeni namba hiyo taratibu, vijiji kwa vijiji. Mwaka 1903 daktari David Bruce na wenzake walibainisha kwamba vimelea hubebwa na mbung'o, na mbung'o wa hapa hukaa kwenye vichaka vya kando ya maji, kivulini, pale pale mama anapochota na mvuvi anapofunga mtumbwi. Hesketh Bell alipokuwa mtawala wa Uganda, kuanzia mwaka 1906 watu waliosalia pwani waliamriwa kuhama na kwenda bara, na vichaka vya bandarini na vivukoni vikaamriwa kufyekwa. Kwa miaka mingi kuishi karibu na ziwa kulikuwa kuvunja sheria.

Simaanishi kwamba mtu alikaa mezani akasema, tuwahamishe watu tupate pa kuchezea. Nasema kwamba mji wa Waingereza ulipojipanga hapa juu, na makao ya serikali ya Busoga yalipohamishiwa Jinja mwanzoni mwa karne, ukingo ulikuwa umepoteza watu wake. Ardhi ilionekana tupu kwa sababu ilikuwa imelia mpaka ikanyamaza. Nikiona wageni wakipiga picha machweo hapa, na wana haki ya kupiga maana ni mazuri kweli, natamani wajue hilo nalo.

Juu ya ardhi hiyo ukapangwa mji wa barabara zilizonyooka, bungalo zenye baraza, bandari, na reli ya Busoga iliyofika Namasagali mwaka 1912 ili pamba ipate njia. Wafanyabiashara wa Kihindi, tangu enzi za Alidina Visram, wakajenga maduka ambayo bado mnayaona kwenye barabara kuu. Na kama ilivyokuwa kila kituo cha Waingereza Afrika Mashariki, ikaja klabu, na pamoja na klabu mashimo ya gofu. Mashimo 9, ambayo mnayazunguka mara mbili kutimiza 18, idadi ambayo St Andrews waliifikia mwaka 1764 na dunia nzima ikawafuata. Wengine huona mashimo 9 ni upungufu. Mimi sioni hivyo. Mwenye kupita njia moja mara mbili siku moja huiona vizuri kuliko anayepita mara moja: asubuhi jua liko mgongoni na mto unang'aa, mzunguko wa pili kivuli kimegeuka na upepo wa ziwani umeamka.

Lakini nani alipita njia hiyo? Tusidanganyane. Katika zama zile klabu za namna hii, Uganda, Kenya na Tanganyika, zilikuwa za Wazungu. Wahindi walijenga vilabu vyao, Wagoa wakajenga vyao. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, au kwa njia ya uwanjani akiwa na mfuko begani. Mlango wa mbele ulifunguka pole pole, uhuru ulipokaribia na baada ya bendera ya 1962 kupanda.

Mfuko begani: hapo ndipo nilipotaka kufika tangu nilipoanza kusema. Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa NYTIL, kiwanda cha nguo kule ng'ambo. Kila siku alivuka bwawa kwa baiskeli, kwenda zamu na kurudi zamu. Jirani yetu wa Walukuba alikuwa mbeba mifuko uwanjani hapa, yaani kedi, na kwa utoto wangu niliona kazi yake ndiyo kubwa kuliko ya baba. Baba alirudi na pamba nyweleni. Yule mzee alirudi na habari. Alijua upepo utageuka saa ngapi. Alijua upande upi majani hulala baada ya mvua, kwa sababu mpira ukienda na ulalo hukimbia na ukienda kinyume husuasua. Aliweza kuangalia unyayo alfajiri akakwambia kama kiboko alikuwa peke yake au na mtoto, na kama alipita saa nyingi zilizopita au bado yumo kwenye matete. Jambo hilo la mwisho halikuwa maarifa ya mchezo tu. Kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi majini huua, na bwana aliyekuwa akitembea na kadi yake ya alama mkononi alimtegemea mtu huyu kurudi nyumbani mzima.

Siku moja alinichukua nimfuate. Nakumbuka umande, nakumbuka harufu ya kinyesi cha kiboko iliyochanganyika na majani yaliyokatwa, na nakumbuka aliponionyesha unyayo akaniambia nitie mguu wangu ndani. Mguu ukazama, ukabaki na nafasi ya miguu mingine miwili. Akasema, "Huyu ndiye mwenye uwanja. Sisi sote tumeazima."

Ustadi wa watu hawa haukuwa wa Jinja pekee, na kuna mmoja ambaye kila kedi anastahili kumjua kwa jina. Sewsunker Sewgolum, walimwita Papwa, alizaliwa katika familia maskini ya Kihindi huko Durban, Afrika Kusini, mtaa wa Riverside kando ya mto Umgeni. Alianza kwa kubeba mifuko ya Wazungu. Alijifunza mchezo kwa kutazama, na kwa kuwa hakuna aliyemfundisha, aliishika fimbo kwa mikono iliyopishana kinyume na inavyofundishwa, wa kushoto chini na wa kulia juu. Kwa mikono hiyo alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, akashinda tena 1960, na mara ya tatu 1964. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya wazi ya Natal kwenye uwanja wa Durban Country Club. Siku ile mvua ilinyesha. Wachezaji Wazungu walikuwa ndani ya jengo la klabu, na sheria za ubaguzi hazikumruhusu bingwa kuingia. Alikabidhiwa kombe lake nje, kwenye mvua. Picha ya mtu yule amesimama na kombe huku amelowa ilizunguka dunia. Baadaye serikali ile ilimfungia milango ya mashindano, na alifariki mwaka 1978. Nimemtaja si kwa sababu ya uchungu wake tu. Nimemtaja kwa sababu kombe lina jina lake. Alilowa, lakini aliandikwa.

Wa kwetu hawakuandikwa.

Nirudi mtoni, maana mto nao ulipatwa na jambo. Winston Churchill alipita hapa mwaka 1907, akasimama mbele ya maporomoko, na akili yake ikakimbilia kwenye mitambo: aliona maji yote yale yakipita bure. Iliwachukua karibu miaka 50. Bwawa la Owen Falls, kilomita chache chini ya hapa, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954. Misri ilikuwa ndani ya makubaliano, ukuta ukaongezwa mita moja kwa ajili yake ili ziwa liweke akiba, na mhandisi wa Misri akakaa hapa Jinja kuangalia maji ya nchi yake yanavyotoka. Maji yalipanda nyuma ya bwawa yakayafunika Mawe. Yale maporomoko yaliyoupa mji jina yalizama, na miamba mingine ilikuwa imelipuliwa ili maji yapite vizuri.

Mama yangu aliwahi kuniambia kwamba kabla ya hapo mtu wa Jinja alilala akisikia ngurumo usiku kucha, na maji yalipofunika mawe watu walikosa usingizi kwa siku kadhaa kwa sababu ya ukimya. Ukimya mnaousifu jioni hii, ndugu zangu, mto unaosogea kama mafuta mbele ya shimo la mwisho, ni ukimya wa 1954. Wachezaji wa kwanza walipiga mipira yao huku maporomoko yakinguruma.

Na kwa haki ya bwawa niseme na hili. Kwenye yale maji ya kasi aliishi nzi mdogo mweusi, usubi, ambaye watu wa hapa walimwita embwa. Viluwiluwi wake hushikilia jiwe pale maji yanapokimbia, kwa kuwa huhitaji hewa nyingi. Anapouma huacha minyoo ambayo mwishowe hupofusha. Waliojenga bwawa waliteswa naye, na miaka ya 1950 DDT ilimiminwa mtoni kumuua. Dawa hiyo, pamoja na kuzama kwa mawe yake, vilimmaliza sehemu hii ya mto. Mtoto anayekusanya mipira leo kando ya maji hajui kwamba zamani kazi hiyo ingeweza kumgharimu macho. Tulipoteza sauti ya mto, tukapona macho. Sijui mizani ya kupimia mambo mawili kama hayo.

Miaka ya 1970 nitaipita upesi, na wenye umri wangu watanielewa. Mwaka 1972 Wahindi walifukuzwa, na mji huu ambao sehemu kubwa waliujenga wao ukabaki na funguo zisizo na wenyewe. Bwawani, pale baba alipopita kwa baiskeli, maji yalileta na kupeleka miili ya watu waliouawa na utawala. Baba alirudi nyumbani akala kimya. Mto huu uliwahi kupokea sehemu ya majivu ya Gandhi mwaka 1948, si mbali na hapa, na sanamu yake ilizinduliwa pale mwaka 1997. Umepokea na hao wengine, ambao hawana sanamu.

Ziwa nalo lina hesabu zake. Mwishoni mwa 1961 mvua zilianza ambazo hazikukatika, na kufikia 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili. Halafu miaka ya 2005 na 2006 ziwa likashuka hadi kiwango ambacho hakikuonekana kwa karibu miaka 80. Ulikuwa ukame, na maji mengi mno yalikuwa yameachiwa kupita kwenye mitambo. Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42 na kuipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja tu, na bustani, gati na nyumba za kando ya ziwa zikaingiwa na maji. Wataalamu wana jedwali la namba hizi tangu mwaka 1896. Lakini ukitaka kujua maji yalifika wapi kwenye ukingo huu, kwenye mti upi, kwenye jiwe lipi, jedwali halitakwambia. Atakwambia mkata nyasi aliyelazimika kusogeza mstari wa kazi yake.

Viboko wenyewe sasa ni nadra kuwaona sehemu hii. Mji umekua, umekuwa jiji tangu Julai 2020. Mitumbwi ya watalii inanguruma mchana kutwa, na tangu 2018 daraja jipya la nyaya limesimama kule chini, limechukua magari yaliyokuwa yakipita juu ya bwawa. Inawezekana kabisa kwamba kijana anayebeba mfuko leo anaijua kanuni ya unyayo bila kuwahi kuuona unyayo. Kanuni itabaki kwenye karatasi, na aliyeisababisha atakuwa hayupo. Hilo linaniuma, na naona linaweza kuzuilika.

Kwa hiyo nina ombi, na nimeshamweleza bwana katibu na nahodha wa klabu kabla ya kusimama hapa, ili lisionekane nimewavizia mbele ya wageni. Klabu za gofu, mjini kwetu na kwenu, zina mbao ukutani zenye majina kwa rangi ya dhahabu: manahodha, washindi, mwaka kwa mwaka. Naomba tutundike ubao mwingine, wa mti uleule na rangi ileile, wenye majina ya makedi, wakata nyasi, wapishi na walinzi waliokaa hapa miaka 10 na zaidi. Naomba pia tuwaketishe wazee waliobaki, mmoja mmoja, tuyaandike wanayoyajua: njia za viboko zilipita wapi, maji ya 1964 yalifika wapi, shimo lipi lilihamishwa na kwa nini, nani alimfundisha nani. Wapo ambao wana zaidi ya miaka 80. Nimewatembelea wawili mwezi huu. Mmoja haoni tena, lakini alinichorea kwa fimbo yake mavumbini mzunguko mzima wa mashimo 9, na akaniuliza kama mwembe wa upande wa mtoni bado upo. Nilimjibu upo. Akatabasamu, akasema basi hata mimi naweza kucheza.

Na ninyi wa Kisumu, Arusha na Kampala, msiondoke na ombi hili kama habari ya Jinja. Mkifika kwenu, waulizeni makedi wenu wazee majina yao kamili. Si lile jina la utani la uwanjani, majina kamili, na ya baba zao.

Kesho mchezo unaanza saa mbili. Saa kumi na mbili na nusu, kabla umande haujakauka, wale wazee wawili watakuwa pale chini ukingoni. Yule asiyeona ataletwa na mjukuu wake. Tutatembea nao kutoka kwenye mwembe mpaka kwenye maji, pole pole, kwa mwendo wao. Vaeni viatu mnavyoweza kuvilowesha. Daftari limeshanunuliwa, kubwa, la mistari, na kurasa zake zote bado ni nyeupe.